Among the Thugs: Kitabu Kitamu, Nusu ya Jibu

Ukiuliza kwa nini watu hujiunga na magenge ya wahuni wa mpira, haichukui muda kabla mtu hajakutajia Among the Thugs cha Bill Buford. Kisome, kwa kweli. Ila kama unatafuta jibu la kisayansi, utapata nusu tu, na nusu hiyo ikisomwa vibaya inaweza kuumiza watu wasio na kosa.

Kwanza tukipe haki yake. Buford ni Mmarekani aliyekuwa mhariri wa jarida la Granta huko Cambridge, Uingereza. Hakukaa ofisini kusoma ripoti za polisi. Alifunga safari na mashabiki wenyewe. Aprili 1984 alipanda ndege na mashabiki wa Manchester United kwenda Turin, nusu fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya dhidi ya Juventus. United walifungwa 2-1, na baada ya mechi mitaani hapakukalika. Mwaka 1990, wakati wa Kombe la Dunia, alikuwa Sardinia, ambako yeye mwenyewe alipigwa virungu na polisi wa Italia. Dodoso gani lingekuletea hayo?

Anavunja pia dhana moja sugu: kwamba hawa ni vijana wasio na kazi wanaomalizia hasira zao uwanjani. Baadhi ya aliokutana nao walikuwa na kazi nzuri tu na pesa mfukoni.

Sasa kama si umaskini, ni nini? Jibu la Buford ni raha. Anasema ghasia zinalevya: adrenalini inapanda, umati unavuka mstari, na kwa dakika chache mtu anajisahau kabisa. Hajitoi kwenye lawama pia. Anakiri kwamba utamu huo aliuonja.

Shida inaanzia hapo. Raha inaeleza dakika kumi za ghasia, lakini hakuna anayejiunga na dakika kumi. Mtu anajiunga na safari za Jumamosi, baa ileile, nyimbo, na washkaji ambao asipotokea watamuulizia. Halafu kama umati wenyewe ndio unaolevya, mbona wengine walikuwa palepale na hawakumgusa mtu?

Fikiria tunavyoongea. Timu ikipoteza tunasema "tumefungwa", ingawa hatukugusa mpira. Kwa wengi wetu hayo ni maneno tu, ila kwa wengine nafsi na kundi vimekuwa kitu kimoja, kiasi kwamba ukiwagusa wenzao umewagusa wao. Mwaka 2018 Martha Newson na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha mashabiki 465 wa Brazil, wakiwemo wanachama wa vikundi maalumu vya ushangiliaji. Waliona kwamba vurugu ziliendana na muungano huo wa nafsi na kundi, wala hazikuendana na kuharibikiwa na maisha. Yaani mtu huyohuyo anaweza kuwa jirani mwema kabisa.

Lakini kulipenda kundi hakumaanishi lazima upigane. Kwenye Kombe la Dunia la 1998 Ufaransa, mashabiki wa Uingereza walizua vurugu Marseille. Waskoti nao walikuwepo nchini humohumo, wakinywa na kuimba, bila ghasia. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba Waskoti walijivunia kutofanana na Waingereza: kwao, kupigana kungekuwa kuliaibisha kundi.

Kwa nini tubishane na kitabu cha zamani hivi? Kwa sababu ukiamini kila umati ni bomu, utaweka polisi wa kutuliza ghasia mbele ya kila shabiki, na virungu havichagui. Ureno walijaribu njia nyingine kwenye Euro 2004: katika miji ya mechi, polisi walizungumza na mashabiki na vikosi vya ghasia vikakaa pembeni. Huko hapakutokea vurugu kubwa za mashabiki wa Uingereza. Zilitokea Albufeira, mji wa kitalii uliokuwa chini ya kikosi kingine cha polisi ambacho hakikufuata njia hiyo.

Sayansi hii nayo ina mipaka. Dodoso linategemea mtu aseme ukweli kuhusu ngumi zake, na mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Ndiyo maana bado tunamhitaji Buford: anatuonyesha mwili unavyohisi pale ghasia zinapoanza.

Ushauri wangu: ukimaliza kitabu chake, tafuta Football Hooligans: Knowing the Score cha Gary Armstrong, cha mwaka 1998. Ni mwanaanthropolojia aliyeishi karibu na mashabiki wa Sheffield United kwa miaka mingi, na anaonyesha maisha ya kundi hata pale ambapo hakuna ngumi iliyorushwa. Nusu nyingine ya jibu iko huko.