Sentensi Moja katika Tasnifu ya Cecilia Payne
Hesabu za Cecilia Payne, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1925, zilionyesha kwamba haidrojeni kwenye nyota inazizidi metali takriban mara milioni moja. Wataalamu wakati huo waliamini nyota zina mchanganyiko ule ule wa dunia. Henry Norris Russell wa Princeton, mkubwa wa fani hiyo Marekani, aliusoma mswada akamwandikia kuwa jambo hilo haliwezekani. Payne akaongeza sentensi: matokeo haya karibu hakika si ya kweli.

Wengi huisoma kama kusalimu amri. Mimi naisoma pamoja na jedwali lake: tarakimu aliziacha pale pale, na msomaji makini angeweza kuliruka onyo akafuata hesabu. (Kila mwenye msimamizi anaijua “huenda” ya namna hii.) Hata hivyo, siwezi kuuita ujanja. Mwenyewe baadaye alijilaumu kwa kutii mamlaka huku akiamini yuko sahihi.

Mwaka 1929 Russell alifikia jibu lile lile kwa njia nyingine. Alimtaja Payne, lakini kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye. Harvard ilimpa Payne uprofesa kamili mwaka 1956.