Mtoto na Hati Yake

Katika hadithi za kale za mataifa mengi, mtoto aliyepotea hutambuliwa kwa alama iliyo mwilini mwake, au kwa kitu alichovishwa siku ya kuzaliwa: kovu, pete, hirizi, au kipande cha nguo. Alama hiyo haisemi uongo. Mfalme huitazama, hulia, na mwana hurudishiwa jina lake na haki yake. Zama za sasa zimeiondoa alama hiyo na kuweka hati mahali pake. Mtoto apelekwapo nchi ya mbali akawe mwana wa watu wengine, kinachomtambulisha si kovu, bali ni cheti, picha, muhuri na sahihi. Je, hati ikisema uongo, nani atamrudishia mtoto jina lake? Swali hili ndilo moyo wa First Person Plural, filamu ya Deann Borshay Liem iliyotolewa mwaka 2000, nalo ndilo linaloipa filamu hiyo daraja ya kusomwa kama kitabu kisomwavyo, wala si kutazamwa tu.

Kisa chenyewe ni cha kweli, na mtungaji ndiye mtoto. Familia moja ya California ilikuwa ikimsaidia kwa fedha, barua na zawadi msichana wa Korea Kusini aliyeitwa Cha Jung Hee, aliyekuwa katika nyumba ya mayatima. Hatimaye ikaamua kumfanya mwana wake. Lakini kabla ya safari, baba yake Cha Jung Hee alikuja akamchukua binti yake. Wakuu wa nyumba ile hawakuwaarifu waliokuwa wakimngoja. Walimtwaa msichana mwingine, Kang Ok Jin, wakamvika jina la mwenzake na tarehe yake ya kuzaliwa, wakamwonya asiseme yeye ni nani, na mwaka 1966 wakampeleka Marekani. Huko akapata jina la tatu, Deann. Kwa mujibu wa hati alikuwa hana baba wala mama. Kwa kweli mama yake na ndugu zake walikuwa hai.

Msomaji asidhani kuwa haya yalikuwa makosa ya karani mmoja. Baada ya vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, njia ya kuwapeleka watoto ng'ambo ilifunguliwa, na mwaka 1955 Harry na Bertha Holt wa Oregon walichukua watoto wanane kwa pamoja. Tangu hapo watoto wapatao 200,000 wamekwenda Marekani, Ulaya na Australia. Ili mtoto aweze kutolewa upesi, aliandikiwa daftari la ukoo lililo lake peke yake: halina baba, halina mama, halina babu. Daftari ambalo kazi yake ni kuonyesha nasaba liligeuzwa kuwa chombo cha kuifuta. Ukoo wa mtu mmoja! Hakuna mshairi aliyepata kubuni upweke mkubwa kuliko huo uliobuniwa na afisi.

Filamu inafikia kilele chake, si pale mama na mwana wanapokumbatiana, bali katika jambo dogo linalosimuliwa kwa sauti ya utulivu. Mtoto alipokwisha kujua Kiingereza cha kutosha, alimwambia mama mlezi ya kuwa yeye si Cha Jung Hee. Mama hakumgombeza. Alimwonyesha hati, akamweleza kwa upole kuwa hayo aliyoyasema ni ndoto. Hapa ndipo ustadi wa mtungaji unapodhihirika, kwani katika chumba kile hapakuwa na mtu mwovu. Palikuwa na mwanamke mwenye huruma, na mtoto mkweli, na kati yao karatasi. Na karatasi ikaaminiwa. Tangu siku ile mtoto alianza kuiogopa kumbukumbu yake mwenyewe, na lugha ya mama yake ikamtoka kinywani. Miaka mingi ikapita kabla hajagundua katika jalada lake picha mbili za wasichana wawili tofauti, zote zimeandikwa jina moja. Hati iliyomdanganya ndiyo iliyomfunulia.

Wako watakaosema kuwa mlezi mwema ni mzazi, na kwamba aliyelishwa, akasomeshwa na kupendwa hana la kulalamikia. Kauli hii ina haki yake. Waswahili wamesema kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na filamu haiwanyimi walezi heshima hiyo. Lakini hoja haijibu swali. Upendo uliojengwa juu ya jina la mtu mwingine humwacha anayependwa katika shaka daima: je, anapendwa yeye, au yule aliyengojwa? Dada wa kule California anakiri, kwa kicheko kisicho na hila, kuwa siku ya kupokewa uwanjani walimwendea kwanza mtoto asiye wao, wala haikuwa neno, maadamu mmoja kati ya wale alikuwa wao. Anayacheka kwa sababu kwake ni ukumbusho wa furaha. Anayesikiliza ni mtu aliyekuja kwa jina la mwingine.

Jina la filamu lina maana ya nafsi ya kwanza, wingi. Mwalimu wa sarufi angesema kwa ufupi: "sisi". Mtungaji anajitaja mwanzoni kwa majina yake matatu na historia tatu, kana kwamba yeye peke yake ni jamaa. Lakini "sisi" ni neno lenye mtego, kwa kuwa katika Kiswahili halibainishi kama anayeambiwa yumo au hayumo. Walezi wasemapo "sisi", wanamtia binti ndani kwa ukarimu. Mama wa Korea asemapo "sisi", binti humsikia kwa kinywa cha mkalimani, na hapo mlango unakuwa nusu wazi.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi katika jambo hili. Wazee walisema mtoto wa kupanga, kutokana na tendo la kuweka vitu kwa utaratibu. Sheria za leo zinasema kuasili mtoto, na ndani ya neno hilo mna asili. Mwenye kuasili humpa mtoto asili mpya. Lakini methali yaonya kuwa mwacha asili ni mtumwa. Filamu hii inaipa methali swali ambalo haikulitazamia: vipi yule ambaye hakuiacha asili, bali aliachishwa akiwa mdogo, kwa muhuri na sahihi?

Ila kubwa ya kazi hii ni kwamba dola haina uso ndani yake. Msiba unabaki kati ya mama wawili na binti mmoja, wakati waliotia sahihi wamekaa nje ya picha. Pengo hilo limeanza kujazwa na historia: mwezi wa Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilikiri ya kuwa serikali iliruhusu hati za uongo na mayatima wasio mayatima, ikawatambua watu 56 kati ya 367 waliolalamika kuwa haki zao zilivunjwa. Kenya nayo ilisimamisha mwaka 2014 uasilishaji wa watoto wake kwa wageni. Kwa hiyo wasomaji wa Afrika ya Mashariki hawasomi habari za mbali.

Mwishoni mtungaji anawakutanisha wazazi wa pande mbili nyumbani kwa mama yake, na anatambua jambo gumu: ili amkaribie mama yule, hana budi kukubali kuwa utoto wake kwake umekwisha. Mswahili aendaye nyumbani hasemi anakwenda kwangu. Husema anakwenda kwetu, hata akiwa peke yake njiani. Hakuna hati inayoweza kuandika neno hilo. Kang Ok Jin amejifunza kulisema mara mbili, na gharama ya mara ya pili alilipa yeye mwenyewe.