Majusi na Mchawi: Neno Moja, Hukumu Mbili katika Tafsiri za Biblia ya Kiswahili

Neno majusi (wingi: mamajusi) limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Uajemi. Herodoto aliwahesabu Magoi kuwa mojawapo ya makabila sita ya Wamedi, na katika masimulizi yake ndio wanaomfasiria ndoto Mfalme Astyages. Kimofolojia, neno hili halikufuata njia ya kitabu, ambalo silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, ikazaa vitabu. Ma- ya majusi imebaki sehemu ya shina, na wingi ukaongezewa ma- nyingine.

Utata umo katika maana. Neno la Kiyunani magos linatumika katika Mathayo 2 kwa wageni wa mashariki, na katika Matendo 13 kwa Elima, aliyekuwa pamoja na liwali wa Kipro. Union Version (1952) iliwaita wale mamajusi, na huyu mchawi. Habari Njema ikawafanya wale kuwa wataalamu wa nyota. Msomaji hana tena namna ya kujua kwamba asili ni neno moja.

Katika Kisukuma, nogi hudhuru kwa siri, ilhali nfumu hupiga ramli na kuganga. Elima, aliye karibu na sikio la mtawala, anafanana zaidi na nfumu. Kwa msomaji wa Buseresere, tofauti hiyo si ya kamusi tu. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, pengine kwa sababu ya macho mekundu tu, na mara nyingi aliyewanyooshea kidole ni mpiga ramli. Tafsiri, basi, imempa mtuhumu jina la mtuhumiwa.

Huenda ikajibiwa kwamba Matendo yanamlaani Elima, hivyo jina kali linastahili. Lakini laana hiyo imekwisha kubebwa na maelezo mengine ya aya hiyohiyo. Nomino haina haja ya kuirudia. Mpiga ramli lingefaa Matendo, ila lisingewafaa wageni wa Mathayo. Majusi lingefaa kote, ingawa nalo lina gharama: katika Kurani (22:17) Majusi ni watu wa dini mahususi, na ndivyo Waislamu wa pwani wanavyolielewa. Gharama hiyo hulipwa kwa tanbihi moja. Gharama ya mchawi hailipiki kwa tanbihi.