Sauti Bila Maneno: Uhakiki wa "Peel" ya KMRU

Aghalabu mhakiki wa nyimbo katika Afrika Mashariki huanzia kwenye maneno. Huyachambua, akaeleza maudhui yake, kisha akataja ala na mahadhi kwa sentensi moja au mbili. Utaratibu huo unatatizwa na "Peel", santuri ya Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi ajulikanaye kwa jina la KMRU, iliyotolewa mwaka wa 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Austria. Humo hamna mwimbaji, hamna gitaa la benga, wala hamna mapigo ya kuchezea.

Kilichomo ni sauti zilizonaswa katika mazingira, zikarefushwa na kutandazwa pamoja na mivumo ya mitambo ya umeme, hata chanzo chake kisitambulike kwa urahisi. Vipande ni 6. Cha mwisho, chenye jina la santuri yenyewe, chapita dakika 20. Mabadiliko huja polepole mno, mfano wa kivuli kinavyohama ukutani: msikilizaji hutanabahi kuwa yamekwisha kutokea, wala hakuyaona yakija.

Yuko atakayeuliza: je, huu ni muziki, au ni uvumi tu? Swali lazidi uzito kwa kuwa babu wa msanii huyu, ambaye pia ni somo wake, Joseph Kamaru aliyefariki mwaka wa 2018, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa lugha ya Kigikuyu, na nguvu zake zilikuwa katika maneno. Mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo hizo za babu. Basi haielekei kusema kwamba ameyaacha maneno kwa kuyadharau. Mwaka huohuo kundi la Duma, la Nairobi pia, lilitoa santuri yake kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Humo sauti ya mtu imo, lakini ni ukelele uliokwisha kuyavunja maneno.

Kasoro ya "Peel" ni kwamba pengine sauti zimechujwa kupita kiasi, hata mahali zilikotoka pakafutika. Hata hivyo, anayedai kuwa kazi hii haina maudhui hajaisikiliza bado. Hapa fani ndiyo maudhui: msikilizaji anafundishwa subira ya sikio. Ikiwa uhakiki wa Kiswahili una neno "kelele" tu kwa kila kisichoimbwa, upungufu huo ni wa mhakiki, na ni juu yake kuutafutia msamiati.