Fukuto Nje ya Mizani: Uhakiki wa Vipimo vya Starehe ya Joto katika Fizikia ya Majengo

Mwaka 1970, P. O. Fanger alichapisha Thermal Comfort, kitabu kilichokuja kuwa msingi wa kufundishia starehe ya joto katika fizikia ya majengo. Nadharia yake inaunganisha mambo sita: joto la hewa, joto linalonururishwa na kuta, kasi ya hewa, unyevu, nishati inayozalishwa na mwili na kinga ya mavazi. Matokeo huwekwa katika mizani ya ngazi saba, kuanzia hasi 3 hadi chanya 3. Ubora wake haukanushiki, kwani humwezesha msanifu kukadiria hisia za watumiaji kabla jengo halijasimama. Hata hivyo, data zake zilitokana na majaribio ya maabara yaliyowahusisha hasa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Denmark, katika vyumba ambavyo hali ya hewa yake ilidhibitiwa.

Udhaifu huo ulijadiliwa na Richard de Dear na Gail Brager mwaka 1998. Kwa kutumia takribani maoni 21,000 kutoka majengo 160, walionesha kwamba watumiaji wa majengo yanayopitisha hewa kwa madirisha huridhika na joto la juu kuliko nadharia ya Fanger inavyobashiri. Kanuni yao iliingizwa katika kiwango cha ASHRAE 55 mwaka 2004: joto la starehe ni wastani wa joto la nje wa mwezi mara 0.31, kujumlisha 17.8. Wastani wa nje ukiwa nyuzi 28 za Selsiasi, joto la starehe huwa takribani nyuzi 26.5, na kikomo kinachokubaliwa na asilimia 80 ya watumiaji hufika nyuzi 30. Kiwango cha ISO 7730, kinachofuata Fanger, huweka kikomo cha nyuzi 26 kwa ofisi ya daraja la kati majira ya joto. Tofauti hiyo ya nyuzi 4 yaweza kuamua iwapo jengo la Mombasa au Dar es Salaam litapoozwa kwa upepo au kwa kiyoyozi.

Kanuni hiyo nayo haitoshelezi mahitaji ya pwani, kwa kuwa haina kigezo cha unyevu kinachojitegemea. Mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha joto na fukuto. Mizani ya ngazi saba, ikitafsiriwa neno kwa neno, huzieleza ngazi zake za juu kwa neno joto likiongezewa kidogo au kali, na kuliacha fukuto nje. Mhojiwa akijibu "joto kali", haibainiki kama analalamikia hewa iliyotuama au paa la bati linalopigwa na jua. Tatizo la kwanza hutatuliwa kwa kupitisha upepo. La pili kwa kivuli na dari. Jibu lisilotenganisha mawili hayo haliwezi kumwelekeza msanifu.

Kwa hiyo, kutafsiri mizani ni sehemu ya upimaji wenyewe. Tasnifu inayochunguza starehe ya joto miongoni mwa Waswahili inapaswa kuhakiki istilahi za hojaji kwa umakini uleule unaotumika kuhakiki vipimajoto.