Tangazo la Kiswahili si lazima lieleweke

WENGI wetu tunaopigania nafasi ya Kiswahili katika afisi za umma huamini kwamba kizuizi cha mwananchi ni Kiingereza. Tunadai kuwa tangazo likishatafsiriwa, ujumbe umefika. Leo nataka kuihakiki imani hiyo, kwani tangazo linaweza kuwa la Kiswahili tangu mwanzo hadi tamati na bado likamwacha msomaji gizani.

Mathalani, hivi majuzi afisi moja ya umma, ambayo jina lake nitalihifadhi, ilibandika tangazo hili ukutani karibu na vibanda vya mboga huku kwetu Dagoretti: “Utekelezaji wa zoezi la uhakiki wa umiliki wa vibanda utafanyika kwa uzingatiaji wa matakwa ya kisheria. Ukosefu wa uwasilishaji wa stakabadhi husika utapelekea uchukuliwaji wa hatua mwafaka.”

Mama mmoja muuza sukuma wiki alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza: “Mwalimu, hii karatasi inasema tuhame ama tusihame?”

Swali lake ni uhakiki tosha. Mama huyo anakijua Kiswahili. Ndicho anachouzia kila siku. Kilichomshinda ni jinsi tangazo lilivyoundwa. Tuachilie mbali hilo “utapelekea” ambalo walimu wa lugha wamelikemea hadi wakachoka. Hesabu nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi: utekelezaji, uhakiki, umiliki, uzingatiaji, ukosefu, uwasilishaji, uchukuliwaji. Ni saba katika sentensi mbili. Vitenzi vyenyewe vimebaki viwili, na hakuna hata kimoja chenye mtu anayetenda. Nani atahakiki? Lini? Mwenye kibanda apeleke karatasi gani, na wapi? Na hiyo “hatua mwafaka” ni onyo, faini au tingatinga?

Ajabu ni kuwa Kiswahili hakikuumbwa kuficha mambo namna hii. Kitenzi chetu hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa mpigo. Ukimwambia mama yule “watakubomolea”, neno hilo moja limemjulisha kwamba kuna watu watakaokuja, kwamba bado hawajafika, na kwamba hasara itakuwa yake. Mwandishi anapokigeuza kitenzi kuwa nomino, huwa amewafuta watu wote hao. Nashuku kwamba wakati mwingine hilo ndilo kusudio: afisi isiyotajwa haiwezi kuulizwa.

Tangazo hilo lingeweza kuandikwa hivi: “Tutakagua vibanda vyote vya soko hili. Njoo afisini kwetu na kitambulisho na leseni yako kabla ya siku hii. Usipokuja, tunaweza kukibomoa kibanda chako.” Kisha itajwe siku, afisi na nambari ya simu. Hakuna neno la mtaani hapo wala kanuni ya sarufi iliyovunjwa.

Wapo wasomi watakaopinga kwamba kurahisisha ni kuishusha hadhi lugha tuliyoihangaikia kuikuza. Hoja yao ina uzito kiasi. Sheria na sayansi zina istilahi zake, na daktari hawezi kuacha kusema “kinga” kwa sababu neno hilo ni fupi mno kwa maana yake. Lakini istilahi moja inayofafanuliwa ni tofauti na msururu wa nomino zisizo na mwenyewe. Aliyelielewa jambo barabara ndiye anayeweza kulieleza kwa ufupi.

Kumbuka yaliyotokea mwaka wa 2024. Mswada wa Fedha, kama ilivyo desturi ya miswada ya kodi, uliandikwa kwa mtindo wa kurekebisha vifungu vya sheria nyingine. Vijana waliufafanua kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama katika video fupi. Badala ya kuanza na vifungu, wengi walianza na mkate, ambao ulipendekezewa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Sisemi kwamba lugha nyepesi pekee ndiyo iliyomfanya Rais William Ruto atangaze mnamo Juni 26 kwamba hatautia mswada huo saini. Kulikuwa na maandamano, na watu walikufa. Nasema kwamba raia hawezi kuunga mkono wala kupinga asichokielewa.

Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 2010 ya kuzitaka idara za serikali yake kuu kuwaandikia wananchi kwa lugha iliyo wazi. Mwaka uo huo sisi tulizindua Katiba, ambayo katika Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 49 nayo inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Je, mwuza mboga asubiri kutiwa pingu ndipo aambiwe jambo akalielewa?

Kwa hivyo, afisa anayeandika tangazo asikome kwenye kutafsiri. Alisome kwa sauti mbele ya mmoja wa wale anaowaandikia, kisha amuulize atafanya nini kesho. Akikosa jibu, alirudie.