Frontosa wa Moba: jinsi ya kumtambua aliye bora

Anayetaka kufuga diskasi Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, atashindwa na maji kabla hajashindwa na kitu kingine. Diskasi ni samaki wa bonde la Amazon. Anataka maji laini, yenye tindikali kidogo, na joto la nyuzi 28 hadi 30. Ziwa Tanganyika ni kinyume chake: pH inakaribia 9, madini ni mengi, na hata juujuu maji hupoa kuliko anavyopenda diskasi. Unaweza kuyageuza maji hayo kwa mitambo na dawa, lakini utaendelea kuyageuza maisha yako yote. Kwa nini ujitese hivyo, ilhali mwambao wa kusini mwa mji, kuelekea Moba, una samaki wa ukoo uleule wa tilapia ambaye wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanamlipia fedha nyingi? Samaki huyo ni frontosa. Anafika sentimita 30 na zaidi, ana milia myeusi iliyoshuka wima ubavuni, nundu kwenye paji la uso, na bluu inayoelekea zambarau kwenye mapezi.

Mpenzi wa diskasi anayehamia kwa frontosa abadili kwanza namna yake ya kutazama. Diskasi wengi wanaouzwa leo, wale wekundu, wa manjano na weupe, wametokana na mikono ya wafugaji waliochagua kizazi baada ya kizazi. Ukimsifu samaki, unamsifu mfugaji. Frontosa amefinyangwa na ziwa. Anaishi kwenye miamba, na kati ya mwamba na mwamba kuna fukwe ndefu za mchanga na midomo ya mito ambayo haivuki kwa urahisi. Kwa hiyo kila kipande cha mwambao kimelea samaki wake, mwenye rangi na sura yake. Mimi humpima frontosa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, ni samaki kamili wa mahali anakosemekana ametoka?

Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, ni mahali. Jibu la «ametoka Kongo» halitoshi. Moba ni mahali. Kapampa ni mahali. Kitumba ni mahali. Muuzaji makini atakutajia jina la mwamba, na atakueleza kama samaki alivuliwa ziwani au alizaliwa kwenye tangi na wazazi waliovuliwa huko. Asiyejua atakuambia kwamba samaki ni mzuri tu. Wafugaji wengi ng'ambo wamechanganya samaki wa Moba na wa miamba mingine ili wapate bluu ya haraka, na watoto wa mchanganyiko huo huwa wanavutia kweli. Kwangu hao ndio wa daraja la chini kabisa, hata wang'ae namna gani, kwa sababu hawana mwamba hata mmoja unaoweza kuitwa wao, na wakishaingia kwenye kundi hawatoki tena.

Kuna kipimo kimoja ambacho maneno ya muuzaji hayawezi kukibadilisha. Mwaka 1906 mtaalamu wa samaki Boulenger alimwelezea frontosa kama aina moja ya samaki. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Japani, Takahashi na Nakaya, walimtenga yule wa nusu ya kusini ya ziwa wakampa jina lake, Cyphotilapia gibberosa. Huyu wa Moba ni wa kundi hilo. Tazama ubavu wake: kuna mistari miwili ya vitundu vidogo, mmoja juu ukianzia nyuma ya kichwa, mwingine chini ukielekea mkiani. Hesabu safu za magamba zilizo kati ya mistari hiyo. Kwa gibberosa ni tatu, kwa frontosa wa kaskazini ni mbili. Hili lahitaji samaki aliyetulia na macho makali, na kwa samaki mdogo ni vigumu, lakini ukipata mbili kwa samaki anayeitwa wa Moba, mazungumzo yameisha. Milia nayo inasaidia: wa Kigoma anajulikana kwa milia saba, huyu wetu ana sita.

Bluu ndiyo inayowadanganya wengi. Rangi hiyo haitokani na wino ulio ndani ya ngozi. Inatokana na fuwele ndogo mno zinazorudisha mwanga, na ndiyo maana hubadilika kwa pembe ya mwanga na kwa aina ya taa. Taa ya buluu juu ya tangi humfanya frontosa yeyote aonekane wa Moba. Omba izimwe. Simama dirisha likiwa nyuma yako, mwanga wa mchana upite begani na kumfikia samaki ubavuni, kisha subiri. Bluu ya kweli itabaki kwenye mapezi ya mgongo na ya tumbo, na usoni kuzunguka macho. Kumbuka pia kwamba dume aliyeshindwa na wenzake hufifia, kwa hiyo samaki aliyepauka katika tangi lililosongamana huenda ni mzuri kuliko anayetamba mbele yako. Mtoto wa sentimita tano karibu hana bluu yoyote. Huyo huhukumiwa kwa wazazi wake, na kama huwezi kuwaona, usilipe bei ya wazazi.

Nundu huja na umri. Dume huhitaji miaka kadhaa ili kichwa chake kijae, na samaki huyu akitunzwa huishi miaka 20 na kuzidi. Paji linapaswa kupanda kwa mkunjo mmoja laini kutoka mdomoni. Nundu kubwa juu ya mwili mfupi uliovimba ni mafuta ya kulishwa kupita kiasi. Usitafute jike asiye na nundu pia, kwani majike wazee huwa nayo, ndogo zaidi. Angalia milia ikiwa na kingo safi, isiyokatika wala kuungana. Angalia kifuniko cha shavu kikifunga sawasawa hadi ukingoni, taya zikikutana bila kupinda. Kifuniko kilichojikunja ni kasoro ya kuzaliwa au ya malezi mabaya, na hakitanyooka.

Mwendo wake nao unasema mengi. Frontosa mwenye afya huelea taratibu, karibu asimame, mapezi marefu ya tumboni yakining'inia. Ziwani huwawinda samaki wadogo wakati wa giza, hana sababu ya kukimbia mchana. Anayeshtukashtuka na kugonga kioo ana hofu au maradhi. Anayeelea mkia juu, tumbo limejaa hewa, alipandishwa haraka mno: frontosa hukaa kwenye kina kirefu, mara nyingi chini ya mita 20, na kifuko chake cha hewa hutanuka kadiri anavyopanda. Mpiga mbizi mwenye subira humpandisha kwa vituo. Huyo aliyeharakishwa mwache, hata kwa nusu ya bei.

Kisha omba alishwe mbele yako. Wafugaji wa diskasi wana desturi ya kulisha moyo wa ng'ombe uliosagwa, na chakula hicho ndicho ninachokikataza kwa frontosa, maana mafuta ya mnyama wa nchi kavu yanaweza kumvimbisha tumbo hadi kumuua. Vipande vya samaki na uduvi vinamtosha. Ukiona kinyesi cheupe chenye kuvutika kama uzi, huenda tangi zima lina ugonjwa, si samaki mmoja tu.

Mfugaji bora utamjua kwa majike yake. Jike la frontosa hubeba mayai kinywani, kisha watoto, zaidi ya mwezi mzima, na mayai hayo ni machache, makumi tu. Wafugaji wenye haraka huyakamua mapema na kuyalea kwenye chombo, na jike huwahi kurudi kutaga. Ninamheshimu zaidi anayempa nafasi ya kubeba hadi mwisho, akampumzisha baadaye akanenepa tena. Muulize pia ana majike mangapi kwa dume mmoja. Matatu au manne ndani ya tangi la lita 500 ni mwanzo mwema. Mwenye jike moja tu atakuonyesha mapezi yaliyochanika, na ni ya jike huyo.